Waridi la Kumi

Usiniulize mji huo uko wapi. Hata waliozaliwa humo hawakuwa na hakika, maana kila Mvaaji alipobadilika ramani zilichomwa moto na kalenda ikaanza kuhesabiwa upya kutoka siku ya kwanza. Ndiyo maana Nyamizi, mwanamke mwenye mvi na magoti mabovu, alikuwa na umri wa saa tatu tu kwenye vitabu vya serikali asubuhi ile hadithi hii ilipomkuta mezani pake. Watu walikuwa wamezoea. Ukisema "jana" mbele yao walikutazama kama umewatukana, kwa sababu jana ilikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo hakuwahi kuwepo.

Kilichokuwepo siku zote ni Dirii. Ni vazi la ngozi ya nyati, la kufunika kifua na mgongo, lenye kamba nne za kufungia ubavuni, limepigwa nakshi za majani na mistari kwa chuma cha moto na mikono ambayo hakuna aliyeijua. Aliyeivaa aliitwa Mvaaji, naye ndiye aliyetawala. Sheria ilikuwa fupi, ya kumtosha mtoto mdomoni: Mvaaji ni mmoja, hajawahi kufa, na hatakufa. Basi aliyetaka kutawala alimchoma kisu aliyekuwa ndani, akamchomoa, akaingia yeye. Aliyechomolewa hakuwa mtu tena. Hakuliliwa wala hakuzikwa. Alitupwa uchi kwenye mashimo ya chokaa, kule watengeneza ngozi wanakoloweka ngozi mbichi ili manyoya yatoke. Dirii ilipelekwa kwa fundi, fundi akalifunika tundu la kisu kwa waridi la ngozi nyekundu, na waimbaji wakaimba sokoni kwamba Mvaaji amechanua.

Mawaridi yalikuwa tisa. Sita aliyashona marehemu mama yake Nyamizi. Matatu aliyashona Nyamizi mwenyewe, bila kuuliza chochote, sufuria ya maharage ikichemka pembeni. Nakwambia mapema usije ukampenda bure.

Asubuhi ile askari wawili waliibwaga Dirii mezani, damu ikiwa bado mbichi. Nyuma yao aliingia Katibu Shilinde, mzee mwembamba aliyevaa shingoni uzi wenye mafundo. Kwa uzi huo alikuwa amewapima vifua Wavaaji wote, ingawa kisheria alikuwa amempima mmoja tu, mara nyingi. Askari mmoja alikuwa anajifuta mikono kwenye pazia la Nyamizi huku akimwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu anayezungumzia magunia, "Wa leo tumemtia shimo la tatu, upande wa machinjioni. La pili limejaa."

Katibu alifungua daftari. "Nani alikuwa ndani?"

Hilo lilikuwa swali la kila makabidhiano, na lilikuwa na jibu moja. Lakini Nyamizi alimjua aliyekuwa ndani. Alimbeba mgongoni akiwa mchanga, alimtafunia nyama alipong'oka meno. Alikuwa Luhende, mdogo wake wa tumbo moja, mtengeneza ngozi mwenye kucha za rangi ya magome, mcheshi, mwoga wa mbwa. Siku kumi na moja kabla ya hapo umati wa soko ulimuua Mvaaji kwa visu vya nyama, kisha ukatafuta wa kumvika, na macho yakamwangukia Luhende kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu na kifua chake kilitosha. Luhende alikwenda kwa dada yake na Dirii mkononi. "Dada," alimwambia, "hili tundu liache wazi. Watu walione." Nyamizi alikataa. Unajua kwa nini? Alitaka apendeze. Mdogo wake anakwenda kukaa mbele za watu, naye fundi wa mji mzima amwache na nguo iliyotoboka? Alilishona waridi la tisa kwa furaha, likawa zuri kuliko yote, na Luhende akalivaa. Siku ya kumi na moja alipoinama kunywa maji, mlinzi wake mwenyewe, Sajini Masalu, alimchoma chini ya titi la kushoto.

"Fundi, nimeuliza. Nani alikuwa ndani?"

"Mvaaji," Nyamizi alijibu.

"Na sasa yuko wapi?"

"Ndani."

Katibu akaandika. Nyamizi aliusikia ulimi wake mwenyewe ukirudi mahali pake mdomoni, na aliuchukia. Siku sita, Katibu alisema, siku ya sita Mvaaji anaapa uwanjani. Waridi liwe tayari.

*

Kuna kazi ya kutengeneza na kuna kazi ya kutunza, na mtu asiyezijua huziona ni moja. Anayetengeneza anaitazama ngozi na kujiuliza itakuwa nini. Anayetunza anajiuliza imepitia nini, na hana ruhusa ya kubadilisha jibu. Mama yake Nyamizi alimfundisha hivyo kwa maneno kisha akamfundisha kinyume chake kwa vitendo, kwa sababu mama yake alikuwa na watoto wa kulisha na hofu ya kutosha. Usiondoe kilichokuwepo, alisema. Ukiongeza kiraka, kisijifiche. Mtu akisogea karibu akione. Na kila unachokiweka kiwe kinaweza kutoka, ili fundi atakayekuja baada yako aweze kukutoa wewe na kuikuta ngozi. Kisha alichukua sindano nene na uzi wa mshipa wa ng'ombe akashona waridi juu ya tundu, kwa nguvu, lisitoke milele.

Nyamizi alianza na damu. Kitambaa kilikuwa tayari, bakuli lilikuwa tayari, na mkono haukwenda. Damu hii ilikuwa imepitia moyoni mwa mtoto ambaye yeye ndiye aliyemwogesha, na serikali ilikuwa inamtaka aioshe kwa mara ya mwisho. Aliinama na lenzi yake. Kingo za tundu zilikuwa zimeingia ndani, alama ya kisu kinachokwenda, na upande mmoja zilikuwa zimechanika na kupinda, alama ya kisu kilichozungushwa kabla ya kutoka. Masalu alikizungusha. Nyamizi alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, akaziba mdomo kwa aproni, kisha akanyanyuka kwa sababu aliona kitu alichotaka kukiangalia tena.

Kuzunguka tundu, pale palipolowa damu, ngozi ilikuwa imejikunja. Haikuwa imekauka, ilikuwa imefinyaa na kuwa ngumu, upana wa kiganja kizima. Alichukua kibano akanyofoa nyuzinyuzi tatu kutoka ukingoni, zisizozidi unywele, akaziweka kwenye kikombe cha maji, akakiweka kikombe juu ya makaa na kidole chake ndani ya maji. Ngozi changa hustahimili maji ya moto yasiyoshikika. Hizi, maji yalipofikia uvuguvugu wa kuogeshea mtoto, zilianza kutembea. Zilijinyonganyonga kwenye kikombe zenyewe, zikajikunja, zikawa nukta. Maana yake ilikuwa rahisi. Dirii imechoka. Ikilowa na ikapata joto la mwili wa mtu, itasinyaa, na itakayemsinyalia ni aliye ndani.

Siku ya pili aliyafungua mawaridi. Hakutumwa. Alisema moyoni kwamba anaangalia tu hali ya ngozi, na kweli nyuzi za mama yake zilikuwa zinaikata, kila tundu la sindano likianza kuungana na jingine. Fundi yeyote mwenye akili angezitoa. Alikata uzi mmoja mmoja na kulinyanyua kila waridi kwa kijiti bapa cha mfupa. Chini ya kila moja alikuta unga mwekundu wa ngozi iliyooza, unaobaki kwenye vidole, na chini ya unga alikuta mtu. Tundu la kwanza lilikuwa pana, la mkuki. La nne lilikuwa mgongoni, la mtu aliyekuwa anakimbia. La sita yalikuwa matatu yaliyoshonwa pamoja kama moja, na ndani ya mshono kulibaki ncha ya kisu iliyovunjika mfupani. La saba alilishona yeye. Alikumbuka siku ile: kulikuwa na mvua, alimwimbia mtoto wa jirani.

Nani alikuwa ndani.

Nani alikuwa ndani nikiimba.

Kama Mvaaji ni mmoja, nani alikimbia? Kama hajafa, huu unga ni wa nini? Na kama waliingia wote wakawa yeye, je, Luhende alipoivaa alikuwa bado anaogopa mbwa, au mwoga wa mbwa alibaki nje, mlangoni, akisubiri nguo ivuliwe? Nani aliinama kunywa maji? Mtu mwenye kiu lazima awe mtu.

Alikaa na matundu kumi wazi mbele yake mpaka jua likahama dirishani. Aliona kwamba mji mzima umejengwa juu ya kazi yake. Majeshi, ramani, kalenda, waimbaji, vyote vilisimama juu ya duara tisa za ngozi nyekundu na uzi. Si askari waliowaua watu hawa mara ya pili. Ni yeye na mama yake, wakiwa wameketi, kwa mikono iliyonawa vizuri.

Alichokiamua hakikuwa kikubwa. Aliamua kuwa damu ya Luhende haitaoshwa, na tundu lake litabaki kuwa tundu. Hiyo ndiyo alama pekee duniani kwamba mdogo wake alizaliwa.

*

Masalu alikuja siku ya nne, mchana, na askari wake na Katibu Shilinde. Alikuwa mtu mpana, shingo nene, buti zimeng'aa. Hakusalimia. Alisimama katikati ya chumba akafungua vifungo vya shati mpaka kitovuni.

Kifuani alikuwa na majeraha tisa.

"Tazama, mama," alisema. "Kuna watu mitaani wanasema tunaingia na kutoka. Mimi ndiye niliyechomwa. Mara zote, mimi. Hesabu."

Kwa dakika nzima Nyamizi aliamini. Kila jeraha lilikuwa mahali pake hasa, la nne likiwa limezungukia mgongoni. Huenda wao ndio wa kweli, alifikiri, na mimi ndiye niliyeota kuwa nina mdogo. Kisha macho yake yalifanya kazi yaliyoizoea. Alisogea, akainama, akatazama kifua cha mtawala kama alivyotazama ngozi yoyote inayoletwa mezani kwake. Majeraha yote tisa yalikuwa na umri mmoja. Yote yalikuwa ya wembe, yameanzia juu kwenda chini, ya mkono mmoja wa kulia, na kwenye mawili kulikuwa na pamba ya shati iliyoganda. Mtu huyu alisimama mbele ya kioo akajichana mwenyewe mara tisa, akiuma kitambaa, ili awe mwingine. Nyamizi alimwonea huruma.

"Nivisheni," Masalu aliamuru.

Dirii haikumtosha. Katibu alizungusha uzi wake. "Kifua kimezidi vidole vinne," alisema, bila kumlaumu mtu.

"Si neno. Ni ngozi hii." Masalu aligonga buti lake sakafuni. "Nimevaa buti miaka kumi na minane. Jipya likikubana unalimwagia maji ya moto, unalivaa likiwa bichi, unatembea nalo mpaka likaukie mguuni. Siku ya pili limekujua. Tutaimwagia maji mbele ya watu, wakati wa kuapa. Ikaukie mwilini mwangu."

Hapo Nyamizi angeweza kunyamaza. Wengi wangenyamaza, na mimi pia, nikisema ukweli. Lakini ufundi ulimtangulia moyo. "Baba, usifanye hivyo," alisema. "Buti ni ngozi changa, inajifunza mguu. Hii imechoka kujifunza watu. Ikilowa na kupata joto lako itasinyaa, na haitaacha." Akachukua kikombe, akanyofoa uzi mmoja wa ngozi ya Dirii mbele yao, akauonyesha unavyojinyonga ndani ya maji ya vuguvugu.

Masalu alichungulia kikombe. "Minyoo," alisema. "Unanionyesha minyoo. Wewe unataka nisiivae."

"Nataka usife."

"Mimi sifi. Hujui sheria?" Alikuwa anatabasamu. "Na mawaridi yangu kumi yako wapi? Naona matundu, naona uchafu."

"Na kwako la kumi liko wapi?" Nyamizi aliuliza, naye hakujua neno limetokaje. "Umejichana tisa. Hili la chini ya titi la kushoto hukulichana. Ulisahau, au mkono ulikataa?"

Kikombe kilimpiga mdomoni. Kilikuwa cha bati, cha uzito wa kutosha. Jino lilivunjika na damu ikamjaa kinywani. Alipoanguka Masalu alimkanyaga mkono wa kushoto, taratibu, kwa kisigino, mpaka vidole viwili viliposikika vikivunjika. Katibu alikuwa anatazama dirisha. "Siku ya sita mawaridi kumi," Masalu alisema akifunga vifungo, na damu ya majeraha yake ilikuwa inapenya shati. "Yakipungua, nitakupeleka shimo la tatu. Utamkuta mwenyeji."

Kumbe alijua. Alijua ni dada wa nani tangu mwanzo.

"Fundi ametahadharisha," Katibu alisoma alichoandika, "na Mvaaji ameamua." Wakatoka.

*

Nyamizi aliyaweka mawaridi kumi. Alikuwa na mkono mmoja na nusu na hofu tele, na alitaka kuishi, usimcheke. Alikata waridi la kumi kutoka ngozi nyekundu iliyobaki. Lakini hakushona. Ngozi isingestahimili sindano nyingine, na hilo lilikuwa kweli tupu, angeweza kuapa mbele ya fundi yeyote. Alipika uwanga wa ngano mpaka ukawa gundi nyepesi, kama alivyofundishwa kwa maneno na kukatazwa kwa vitendo, akabandika mawaridi yote kumi, yakae vizuri yakiwa makavu na yatoke yenyewe yakipata maji. Kila unachokiweka kiwe kinaweza kutoka. Asikudanganye mtu kwamba alipanga njama. Alifanya kazi yake sawasawa kwa mara ya kwanza maishani, basi, na damu ya Luhende aliiacha chini ya waridi, imekauka, ilivyo.

Siku ya sita uwanja ulijaa. Jua lilikuwa utosini. Masalu alisimama jukwaani ndani ya Dirii, imefungwa kwa kuvutwa na watu wanne, kamba zimezama ubavuni, na mawaridi kumi yaling'aa kifuani na mgongoni mwake. Waimbaji walianza. Askari walinyanyua ndoo za maji ya moto yaliyopozwa kidogo, ya kuvumilika, wakammwagia kuanzia mabegani. Moja. Mbili. Mvuke ulipanda. Yeye alikuwa ananyoosha mikono na kuvuta pumzi, kama mtu anayetembea na buti bichi.

Waridi la kwanza lilidondoka kwenye ndoo ya tatu. Likafuata la nne, likateleza mgongoni mpaka chini. Waimbaji waliendelea kidogo, kisha wakabaki wawili, kisha hakuna. Mawaridi yalikuwa yanaanguka jukwaani kwa sauti ndogo ya kitu kilicholowa, na mahali pake palibaki matundu. Watu wa mbele waliona kwanza, wakawaambia wa nyuma. Mwanamke mmoja aliweka mkono juu ya kichwa na kusema jina la mtu. Lilikuwa jina tu, la kiume, la kawaida, lakini halikuwa limetamkwa hadharani tangu mwenye jina alipochomolewa. La mwisho kuanguka lilikuwa la kumi. Damu ya Luhende, iliyolowa sasa, ilianza kutiririka upya kutoka tunduni, na ilionekana kwa kila mtu kana kwamba inatoka kwa aliye ndani.

Ndipo Dirii ikaanza.

Masalu alisema "Eh," kwa mshangao. Ngozi ilikuwa inatembea juu yake. Nakshi zilisogeleana, majani yakapanda juu ya mistari, shingo ya vazi ikamkwea kooni. Alijaribu kuvuta kamba, na mafundo yalikuwa yamelowa yakawa jiwe. Ubavu wa kwanza ulipovunjika watu wa mstari wa tatu walisikia. Alianguka magotini. Askari walisogea wakasimama, kwa kuwa sheria iliwashika: chuma kinachoigusa Dirii ni cha aina mbili, cha anayemuua Mvaaji na cha fundi. Ambaye angechomoa kisu pale angekuwa anajitangaza kuwa Mvaaji mpya, na wenzake wangemuua kabla hajafika.

"Fundi!" Katibu alipiga kelele. "Fundi aletwe!"

Walimsukuma hadi jukwaani. Alikuwa na kisu chake kidogo cha kazi. Zilikuwa kamba tu, kamba nne, mpya, hazikuwa hata sehemu ya nakshi; mtoto angezikata. Alipiga magoti, uso wake na uso wa Masalu vikawa sawa. Macho ya mtu yule yalikuwa yamejaa damu.

"Mama," alinong'ona. "Kata."

Nyamizi aliweka ncha ya kisu kwenye kamba ya kwanza. Halafu, nani ajuaye ni nini humwingia mtu, akauliza swali. "Nani alikuwa ndani?"

"Kata, mama."

"Nani alikuwa ndani?"

"Mvaaji." Ubavu mwingine ulivunjika.

"Nakuuliza wewe uliyekishika kisu. Mtu alikuwa anakunywa maji. Nani alikuwa ndani?"

Alitaka neno moja. Alikuwa amelingoja siku sita, na kila pumzi aliyoingoja ilikuwa ya Masalu. Midomo ya mtu yule ilikuwa imebadilika rangi. "Lu," alisema. Alijaribu tena, kwa juhudi kubwa, akimtazama machoni, naye alikuwa anataka kweli kulisema. "Luhende. Alikuwa Luhende."

Nyamizi alikata kamba zote nne. Dirii ilifunguka na Masalu akavuta hewa, lakini mifupa ilikuwa imeingia kusikostahili, na pumzi ilitoka na povu jekundu. Alikufa kichwa chake kikiwa juu ya vidole vya Nyamizi vilivyovunjika. Akitazamwa kwa karibu, Masalu alikuwa kijana. Nyamizi alijua alichokifanya. Alikuwa ametumia jina la mdogo wake kama kisu, na kukizungusha.

Katibu Shilinde aliinyanyua Dirii kwa mikono miwili. Ilikuwa imepoa, imekuwa ngumu kama ubao, na ndogo. Ilikuwa ndogo mno. Nyamizi, kati ya hatia yake yote, alihisi tumaini: hakuna mtu mzima atakayeingia humo tena. Katibu alivua uzi wake shingoni. Aliuzungusha ndani ya Dirii, akafunga fundo jipya kwenye kipimo, akageuka kuwatazama watu. Macho yake yalipita juu ya wanaume. Yalipita juu ya wanawake. Kisha yalishuka.

"Mvaaji ni mmoja," alisema kwa sauti ya kusoma. "Hajafa. Amerudi utotoni."

Mtu mmoja alipiga kigelegele. Naapa, mtu mmoja alipiga kigelegele, wakafuata wengine, kwa shukrani kabisa, kwa kuwa mambo yamepata maelezo. Askari walikuwa tayari wamemshika binti wa miaka sita hivi aliyekuwa mabegani kwa baba yake. Baba alipigwa kitako cha bunduki usoni akaenda chini. Mama alikuwa anapiga mayowe, "Mwanangu si huyo! Mwanangu ana jina! Anaitwa Kabula!" Binti hakulia. Alinyanyua mikono juu, kama watoto wanavyofanya wanapovishwa nguo, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Nyamizi aliinyakua Dirii mikononi mwa Katibu. Kwa miaka thelathini na zaidi hakuwahi kuikata ngozi ya kale. Alijua pa kuanzia. Ngozi ngumu hukatika kirahisi pale ilipokwisha kufunguka, na tundu lililo wazi kuliko yote lilikuwa la kumi. Alitia kisu pale, kwenye damu, kwenye alama pekee ya kwamba mtu fulani alizaliwa, na akavuta. Alikata mpaka shingoni. Alikata kutoka tundu la kumi hadi la sita, kutoka la sita hadi la kwanza, na ngozi ilipasuka ikitoa vumbi jekundu lililomjaa usoni, akawa anaikohoa. Kipande chenye tundu la Luhende kilimvunjikia mkononi kikawa unga. Alikiangalia kikitoka kati ya vidole na hakuacha kukata. Alipomaliza hakukuwa na kipande kilichozidi kiganja.

Askari walikuwa wamemzunguka na bunduki. Walimtazama Katibu ili wajue la kufanya, na Katibu alikuwa amesimama, daftari wazi mkononi, kalamu juu ya karatasi. Hakuna alichokijua isipokuwa swali lake.

"Nani," alisema, "nani alikuwa ndani?"

"Luhende, mdogo wangu." Nyamizi alitema damu ya jino. "Kabla yake walikuwa wengine tisa. Waulize hawa, wanawajua. Na huyu hapa chini alikuwa Masalu. Mwandike."

"Na sasa yuko wapi?"

"Shimo la tatu la chokaa, upande wa machinjioni. Ana siku sita humo. Chokaa hula nywele kwanza, sura baadaye. Bado nitamtambua."

Hakungoja waafikiane. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya bunduki kuelekea machinjioni, na njiani akaanza kuifungua kanga yake ya juu kwa mkono mmoja, kwa sababu huko mtu hutolewa akiwa uchi.